Sungura anayekwenda chafya kila siku: hewa kwanza, dawa baadaye

Sungura akienda chafya mara moja mbili anapofukua nyasi au anapojisafisha uso, hayo si maradhi. Vumbi limemuingia puani naye analitoa, kama sisi tu. Maradhi huanza kufikiriwa pale chafya zinapokuja kwa mfululizo, tano, sita, saba, zikatulia kisha zikarudi, na hali ikawa hiyo hiyo wiki baada ya wiki. Hiyo ndiyo chafya sugu, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia duka la dawa. Makala haya nimeyaandika hasa kwa ajili ya watu hao. Hapa mtaani kwetu nimeona sungura aliyeuawa na dawa, na sijaona hata mmoja aliyeuawa na chafya zenyewe.

Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa Kisumu na kazi, nakaa Mamboleo, kwenye barabara iendayo Kakamega. Nina sungura jike mweupe wa aina ya New Zealand, jina lake Kashata, na huu ni mwaka wa nne anakwenda chafya. Ameonwa na daktari, amepimwa, amepewa dawa zaidi ya mara moja. Hajapona, na sitarajii apone. Lakini anakula, anaruka, na paka wa jirani anawatimua mwenyewe. Ndugu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana sungura wawili watatu uani au kwenye roshani kwa ajili ya watoto, na najua swali lao ni lile lile nililokuwa nalo: afanywe nini mnyama asiyepona?

Kwanza tuijue pua yake. Sungura hupumua kwa pua. Mbwa akiziba pua hufungua mdomo na maisha yakaendelea, bali sungura hakuumbwa hivyo, na ukimwona anapumua kwa mdomo ujue amefika pabaya. Ndani ya pua mna vifupa vyembamba vilivyojikunja kama karatasi, vimefunikwa utando laini, na kazi yake ni kusafisha na kulainisha hewa. Uchafu na vijidudu vikijificha kwenye mikunjo hiyo, kuvitoa ni kazi kubwa. Tena usaha wa sungura si majimaji kama wa mtu, ni mzito kama jibini, na dawa haupenyi kwa urahisi. Kwa sababu hizo mbili daktari mkweli atakwambia mapema kwamba tunatuliza, hatuahidi kuponya.

Chafya zatoka wapi

Chanzo kinachotajwa zaidi ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Kitoto cha sungura humpata kwa mama yake katika wiki za mwanzo za uhai, na wengi hukua naye puani bila dalili yoyote. Mnyama anaweza kuonekana mzima miaka miwili, kisha likaja joto kali, safari, kizimba kichafu au mimba, na bakteria akaamka. Wapo na wengine: Bordetella, Staphylococcus, Pseudomonas. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na dawa inayomtoa mmoja huenda isimguse mwingine.

Hapa Mamboleo ndipo ulipo uwanja wa maonyesho ya kilimo ya Kisumu, na kila msimu wa maonyesho watoto hurudi nyumbani na sungura kwenye katoni. Mnyama ametolewa kwao, amesafiri juani, amekaa siku kadhaa karibu na sungura wa mabanda mengine, kisha akabebwa tena kwa bodaboda. Wiki moja mbili baadaye naulizwa habari za chafya. Hakuna aliyemroga. Alikuja nao ugonjwa au aliupata njiani, na uchovu ukaufungulia mlango.

Chanzo cha pili watu hawakifikirii kabisa, nacho ni meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka kiasi cha milimita 2 kwa wiki, na husagwa na nyasi anazotafuna mchana kutwa. Anayelishwa ugali, mkate na peleti tupu hayasagi. Mizizi ya meno ya juu iko karibu sana na njia ya pua na mfereji wa machozi, kwa hiyo ikirefuka kwenda juu huibana pua na kuziba machozi. Sungura wa namna hii hutokwa na kamasi tundu moja, na jicho la upande huo huo hulia. Unaweza kumpa antibiotiki mwaka mzima na usione faida, kwa sababu ugonjwa hauko puani.

Mara chache huwa ni kipande cha nyasi kilichokwama. Hapo chafya huanza ghafla, kwa nguvu, mnyama anaipangusa pua kama mtu aliyeumwa na siafu. Na sababu ya mwisho ni hewa mbaya, ambayo peke yake yaweza kuleta chafya, na ikikutana na hizo nyingine huzizidisha. Hii nitairudia kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Kabla ya kumwona daktari mwangalie miguu ya mbele. Sungura hupangusa pua kwa viganja vyake, na manyoya ya upande wa ndani yakiwa yamegandamana na kunata, ujue kamasi linatoka hata kama pua yenyewe umeikuta kavu. Tazama rangi: la maji maji si zito kama jeupe au la manjano. Tazama kama ni tundu moja au yote mawili. Hesabu pumzi akiwa ametulia. 30 hadi 60 kwa dakika ni kawaida yake. Ukienda na majibu haya umempunguzia daktari nusu ya kazi.

Dawa zinazoua

Jirani yangu mmoja alimpa sungura wa mwanawe amoksilini iliyobaki chupani baada ya mtoto kupona kikohozi, ile ya maji, tamu, ya rangi ya waridi. Siku ya pili chafya zilipungua na nyumba nzima ikafurahi. Siku ya nne sungura akaanza kuharisha maji. Ya tano asubuhi walimkuta amekufa. Mtoto aliambiwa ni mafua.

Hayakuwa mafua. Tumbo la sungura hutegemea mfuko mkubwa wa utumbo uliojaa vijidudu vizuri vinavyochachusha nyasi ziwe chakula. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipita mdomoni huua vijidudu hivyo, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium wanaotoa sumu. Linkomisini, klindamisini na erithromisini nazo zimo katika orodha hiyo hiyo. Dawa hizi ni nzuri kwa mtu na kwa mbwa. Kwa sungura, zikimezwa, ni hatari ya kifo. Kuna penisilini ambazo daktari anayewajua sungura huzitumia kwa sindano chini ya ngozi, na hilo ni jambo jingine, lisikupe ruhusa ya kufungua chupa ya nyumbani.

Iko na hatari ya pili isiyosemwa sana. Baadhi ya wauza dawa za mifugo, wakiambiwa mnyama ana mafua, huchanganya antibiotiki na sindano ya deksamethasoni ili apate nafuu ya haraka. Dawa ya aina hiyo hushusha kinga ya mwili, na sungura ni dhaifu mno mbele yake. Bakteria aliyekuwa amelala huamka. Nafuu ni ya siku mbili. Aidha, dawa za ng'ombe zimetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu na zaidi, na kugawa kwa macho hadi kumfikia wa kilo nne si hesabu ya kufanyiwa kaunta. Wala usimpake puani mafuta ya kifua yenye mentholi.

Zinazotumiwa mara nyingi na madaktari kwa sungura ni enrofloksasini na mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu. Nazitaja ili ukiandikiwa usishtuke, na vipimo siviandiki kwa makusudi.

Daktari gani, na umuulize nini

Tangu katiba ya 2010, huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na sheria ya 2011 inataka kila daktari wa mifugo na msaidizi wake asajiliwe na bodi ya taifa. Kwa hiyo kuuliza usajili si ufidhuli. Lakini usajili peke yake hautoshi, maana siku za wengi wao huishia kwa ng'ombe, kuku na mbwa. Mimi huuliza swali moja kwa adabu: daktari, sungura mwenye mafua utampa dawa gani, na kwa njia gani? Akijibu amoksilini ya kunywa, nashukuru na kuondoka. Akianza yeye kuniuliza analala wapi na anakula nini, nakaa.

Ikiwa dawa ya kwanza imeshindwa, usikubali ya pili na ya tatu kwa kubahatisha. Omba kipimo cha kuotesha vijidudu ili ijulikane ni yupi na dawa ipi inamuweza. Pamba huingizwa ndani ya pua, si kufutwa mdomoni mwa tundu, ambako hupatikana vijidudu vya kawaida tu. Serikali ina maabara za kanda za uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Ya Pwani iko Mariakani, na ya upande wetu huku iko Kericho. Daktari akupigie simu mapema kujua sampuli ifungwe vipi na ifike lini. Ukiona chozi na kamasi upande mmoja, omba meno ya nyuma yaangaliwe na, ikipatikana, eksirei ya kichwa.

Dawa huchukua wiki kadhaa. Chafya zitapungua mapema na utashawishika kuacha, usiache. Na zikirudi miezi mitatu baadaye, haina maana kwamba daktari amekudanganya. Safari ya hospitali yenyewe humchosha mnyama, kwa hiyo mimi humpeleka Kashata asubuhi mapema kabla ya jua, katoni imefunikwa kitambaa chepesi, na mavi ya bodaboda anayekwenda kasi simpandi.

Hewa

Weka kichwa chako pale anapolala sungura, usawa wa pua yake, uvute pumzi dakika moja. Macho yakikuwasha, yeye amelala humo usiku kucha. Ile ni amonia inayotoka kwenye mkojo, nayo huchoma utando wa pua na kuwaachia vijidudu njia.

Siku hizi mkojo wa sungura una soko. Wakulima huunyunyizia mboga kama mbolea na kufukuza wadudu, na wafugaji wengi huweka bati lenye mteremko chini ya kizimba likamimina kwenye dumu. Fikra ni nzuri. Shida ni dumu lililo wazi chini ya pua ya mnyama, likajaa wiki nzima katika joto la Kisumu. Ukitaka kuuza mkojo, vuta mpira hadi mbali na kizimba, dumu liwe na kifuniko. Asiyeuza na amwage kila siku.

Matandiko nayo. Mafundi wa Kibuye hutoa maranda bure au kwa pesa kidogo, na karibu yote ni ya msonobari na mvinje. Yananukia vizuri kwetu, na harufu hiyo hiyo ndiyo inayomuwasha sungura. Unga wa msumeno ndio mbaya zaidi, maana ni vumbi tupu. Mimi hutumia magazeti yaliyochanwa na juu yake nyasi kavu, nikabadilisha kona ya choo kila asubuhi na kizimba chote mara mbili kwa wiki. Ukoga mweupe wa mkojo huutoa kwa siki, nikasuuza kwa maji mengi. Jiki usiimimine juu ya mkojo kamwe, wala usiichanganye na siki. Kwa mkojo na kwa siki hutoka gesi ya sumu, nayo haichagui sungura wala mwenye sungura.

Kizimba kiwe mahali hewa inapita bila kumpiga mnyama usoni. Hapa kwetu upepo wa ziwa huja alasiri, na Januari na Februari huja na vumbi, kwa hiyo upande huo nimeuziba kwa mbao na kuacha juu wazi. Asubuhi hewa husimama, na moshi wa majiko ya makaa hutanda uani. Nilipokihamishia kizimba upande wa pili wa nyumba, mbali na majiko, daftari langu lilionyesha chafya za asubuhi zimepungua kiasi cha nusu, bila dawa yoyote.

Na hapa nina neno na watu wa kwetu. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, marashi ya kupuliza: vyote hivyo ni moshi na mvuke kwa pua isiyo na njia ya pili. Sisemi nyumba isifukizwe. Nasema sungura atolewe kwanza, arudishwe harufu ikishatoka. Joto pia: likizidi digrii 30 sungura huanza kutaabika, na Mombasa kuanzia Januari hadi Machi hilo ni jambo la kila mchana. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikavikwa kitambaa na kulazwa kando yake, humsaidia sana. Wapo wanaoshauri kumfungia kwenye bafu lenye mvuke wa maji moto ili pua ifunguke. Huenda yafaa kwenye nchi za baridi, bali kwa hali ya hewa yetu, Kisumu ama Pwani, naona ni kumtafutia maradhi ya joto. Daktari wangu hutumia nebulaiza ya watoto yenye maji ya chumvi ya hospitali, dakika kumi hivi, na hiyo imemfaa Kashata kuliko mvuke.

Chakula na kazi ya kila siku

Sungura aliyeziba pua hasikii harufu, na asiyesikia harufu huacha kula. Tumbo lake likikaa tupu husimama, na hapo ndipo mafua hugeuka kuwa mauti. Kwa hiyo kila siku naangalia mavi kabla ya pua: yakiwa mengi, makubwa na ya mviringo, najua mambo ni salama.

Nyasi ziwe sehemu kubwa ya chakula. Marobota ya nyasi kavu za boma rodesi hupatikana kwenye agroveti. Yakung'utwe nje kabla ya kuingizwa, na yenye ukungu yarudishwe dukani. Peleti nazipitisha kwenye chekeche kuondoa unga. Mbichi nachuma mbali na barabara kuu, kwa ajili ya vumbi na moshi wa magari. Siku ambazo pua imezidi nampa majani yenye harufu kali, nanaa, kotmiri, na mrehani ambao mbegu zake nilizitoa Mombasa. Hata aliyekataa nyasi huinua kichwa akisikia mrehani.

Pua naifuta kwa pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi yaliyopashwa kidogo, na viganja vya mbele pia. Maji hayasukumwi ndani ya tundu. Kila Ijumaa nampima uzito kwenye mizani ya jikoni. Kashata ana kilo 4 na kitu. Akipungua robo kilo naanza kuuliza, akikaribia nusu kilo nampigia daktari.

Usingoje kesho ukiona anapumua kwa mdomo au ameinua kichwa juu akitafuta hewa, midomo imekuwa ya buluu, au hajala wala hajanya kwa saa 12. Kichwa kikipinda upande mmoja, maradhi yameingia sikioni, nayo pia si ya kusubiri.

Sungura mgeni atengwe chumba kingine wiki nne, na anayekwenda chafya ahudumiwe wa mwisho. Walio na simbilisi wasiwachanganye kabisa, kwa kuwa Bordetella ambaye sungura humbeba kimya huweza kumuua simbilisi. Kwa binadamu hatari ni ndogo, ila mikono ioshwe, kidonda cha kung'atwa au kukwaruzwa kisafishwe kwa sabuni na maji mengi, na mwenye pumu asikung'ute nyasi yeye.

Sungura hupenda mwenza, na nimeshauriwa mara nyingi nimtafutie Kashata wa pili. Sijamleta, kwa sababu mzima nitamwambukiza na mgonjwa nitamzidishia kazi. Anakuja mtoto wa yule jirani jioni baada ya shule, anamchana manyoya nusu saa, anaandika chafya alizozihesabu kwenye daftari, kisha anakwenda kunawa.